Shemeji anataka turbo kubwa, mi nataka gari itakayodumu. Nimjibuje?

BARUA

Shikamoo mshauri. Naomba jina langu usilitaje maana ndugu wa pande zote mbili wanasoma safu yako.

Mi ni mwanaume wa miaka 35, fundi umeme, naishi Isyesye hapa Mbeya na mke wangu na watoto wetu wawili. Tangu nikiwa mdogo nazipenda sana Subaru Impreza za rali na mke wangu analijua hilo toka tunachumbiana. Mwaka juzi kuna mfanyabiashara wa Mafiati alikuwa na Impreza WRX ya mwaka 1999, saluni, gia za mkono, bodi safi haijaliwa kutu ila injini inagonga, akawa anaiuza kwa bei ya chini sana. Tukakaa mimi na mama watoto tukakubaliana niichukue niitengeneze mwenyewe nyumbani taratibu, hela ya gari itoke kwenye kazi zangu za ziada tu, ada na chakula visiguswe. Hilo namshukuru Mungu tumelisimamia mpaka leo.

Nilipomwaga oili niliichana filta kwa mkasi nikaitandaza ile karatasi juani, kila mkunjo umejaa unga mwembamba unaometa rangi ya shaba, nikajua beringi zimeondoka. Kushusha injini na kuifungua, beringi ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ya silinda ya tatu imelika mpaka imezunguka, na krenki, ule mhimili mkuu wa injini, pale ina mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unakwama.

Hapo ndo shemeji yangu akaingia. Ni mdogo wake mke wangu, fundi magari Ipogolo kule Iringa, kijana mwenye mikono mizuri sana na hilo simnyimi. Alivyosikia habari akaja mwenyewe, akaikagua, wiki chache mbele akaleta bloku (mwili wa injini) na krenki alizotoa kwenye hafukati (nusu ya gari iliyokatwa, inayouzwa kwa vipuri), zote zimepimwa ziko vizuri. Baadaye akaagiza nje pistoni za foji (zilizofuliwa, imara kuliko za kawaida) kwa hela yake, seti nzima na ringi zake. Kila nikimuuliza tunahesabianaje anasema shemeji acha bwana, sisi ni ndugu. Akija wikiendi tunafanya kazi mpaka usiku, mimi nashika taa na kupanga waya, yeye anapima, nimejifunza mengi kutoka kwake na nilikuwa na furaha kweli, mpaka watoto wakawa wanasubiri siku za anko.

Sasa tatizo lilipoanzia. Bloku imeshafungwa, zimebaki hedi, taiming belti na turbo. Mi nilijua tunarudisha turbo yake ya kiwandani, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kuipa nguvu, ikishafanyiwa ovaholi. Siku hiyo shemeji kashuka kwenye basi na boksi, ndani kuna turbo kubwa used na nozeli kubwa (zile zinazonyunyiza petroli), ananiambia hii injini sasa ina pistoni za foji, kuiwekea turbo ya zamani ni kuionea, halafu hapa Mbeya hewa ni nyepesi lazima uwe na turbo ya maana. Akaendelea kwamba gari ikikamilika tuipeleke kwenye rali Iringa, yeye aendeshe mi nikae pembeni na ramani.

Mshauri mi sitaki rali. Nataka gari ambayo asubuhi inawaka, nampeleka mke wangu kazini Uyole, Jumapili tunaenda Tukuyu kwa wazazi, na nikipanda ule mlima naisikia turbo inavuta basi roho yangu inatulia. Nikamwambia hivyo mezani tunakula, mbele ya mke wangu. Akanyamaza kidogo halafu akasema, kama ni hivyo nitoe vyuma vyangu nirudi navyo. Akaondoka alfajiri bila kuniaga, na toka hapo simu zangu anapokea ila anajibu mkato.

Juzi mama mkwe kapiga simu kutoka Mafinga, anasema amesikia tumegombana kwa ajili ya gari, naomba mwanangu usiniharibie watoto. Mke wangu nikimuuliza yeye anaonaje anasema mambo yenu ya vyuma malizeni wenyewe. Injini iko bandani nimeifunika na nailoni, mvua ndo hizi zinanyesha kila siku.

Nikikubali turbo yake nitakuwa naendesha gari isiyo yangu. Nikimlipa vyuma vyake naogopa ataona namtukana. Nikiuza vyote nitakuwa nimetupa kitu nilichokiota maisha yangu yote. Na kiukweli gari ni langu, kadi ina jina langu, sielewi kwa nini niombe ruhusa. Nisaidie.

Mwenye Subaru bandani, Isyesye

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikafurahi na nikasikitika kwa pamoja, nimefurahi kwa sababu umeanza kwa kukubaliana na mke wako na mmelisimamia, nyumba nyingi hapo ndo zinapobomokea. Nimesikitika kwa sababu kitu kilichokuwa kinawaleta pamoja wewe na shemeji yako, na watoto wakimsubiri anko wao, sasa hivi kimefunikwa nailoni.

Nikikuelewa vizuri, una gari ambayo bodi na kadi ni zako, tumbo la injini ni la shemeji yako kwa sehemu kubwa, na hamkuwahi kusema kwa mdomo vile vyuma ni zawadi, ni mkopo au ni hisa. Kila mmoja akawa anajenga gari yake kichwani, wewe unajenga ya kwenda Tukuyu na yeye anajenga ya rali, na ilikuwa inawezekana kwa sababu mpaka kwenye bloku kazi ni ileile kwa gari zote mbili. Turbo ndo sehemu ya kwanza ambapo njia zinaachana. Kwa hiyo sidhani kama turbo ndo imewagombanisha, nadhani imewafikisha tu mahali ambapo lazima mseme.

Naomba uniruhusu niguse mambo machache uliyoyaandika kama vile yako wazi, maana mi sioni kama yako wazi sana.

Unasema gari ni langu, kadi ina jina langu. Sawa. Ila kadi hiyohiyo ina namba ya injini, na kwenye Subaru namba hiyo imegongwa kwenye bloku. Bloku mliyofunga ni ya shemeji, imetoka kwenye hafukati. Maana yake siku gari inatoka bandani, injini iliyomo siyo iliyoandikwa kwenye kadi, na itabidi taarifa zibadilishwe TRA na ukaguzi ufanyike, na wataulizia karatasi za hiyo injini, na karatasi hizo anazo nani kama siyo yeye? Sikwambii haya kukutisha. Nakwambia kwa sababu hata ukiamua kusimama na kadi yako bado unamhitaji, na mtu akishakuhitaji namna hiyo kumwomba neno siyo unyonge.

Jambo lingine unaamini kwamba turbo ya kiwandani ndo njia salama na turbo kubwa ndo hatari. Hapo pana ukweli mwingi lakini haujakamilika. Ile turbo yako ya zamani ilikuwa inakunywa oili ileile yenye unga wa shaba uliouona kwenye filta. Itoe, shika shafti kwa vidole uitikise, kama bapa zinagusa nyumba yake basi imeshakwenda, na hata kama haigusi inatakiwa ifunguliwe isafishwe. Mabomba ya oili yanayoiendea, pampu ya oili, sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ule mrija unaovuta oili kutoka kwenye sampu, na kile kipoza oili kinachokaa kwenye filta kama gari yako inacho, vyote vimepitiwa na vyuma. Kipoza hicho ni shida kukisafisha kikaisha, wengi wanaona bora kukibadilisha. Injini nyingi za turbo zinafungwa upya vizuri kabisa halafu zinakufa mapema kwa unga wa injini ya zamani uliojificha humo. Kwa hiyo ukisema "standadi" hakikisha hausemi "vya zamani".

Halafu mdogo wangu, hiyo injini siyo standadi tena. Pistoni za foji zinataka nafasi kubwa kidogo kwenye silinda kuliko za kiwandani kwa sababu zinatanuka zaidi zikipata moto, na asubuhi za Juni na Julai hapo Isyesye, baridi ile unayoijua, zitakuwa zinagongagonga mpaka injini ipate joto. Ni kawaida yake. Ila mtu ambaye gari yake ilishawahi kugonga, akisikia mlio huo kila asubuhi roho inaruka. Je, ulishaambiwa? Na kama ulikuwa unataka gari ya kawaida tu, ulipopokea zile pistoni ulimwambia nini? Siulizi nikulaumu, nataka ujiulize yeye alisikia nini siku ile. Fundi akileta pistoni za mashindano na mwenye gari akafurahi, fundi anaelewa kwamba safari ni ya mashindano.

Na hili la shemeji, umeniandikia anachotaka ila hujaniandikia kwa nini. Kijana fundi wa Ipogolo kutwa anafungua IST na Noah, anabadilisha brekipedi na bushi, halafu mara anapata injini ya boksa, ile yenye silinda zilizolala kushoto na kulia. Wewe umeifungua unajua, bloku imegawanyika nusu mbili na pini za pistoni zinaingizwa kupitia matundu madogo mbele na nyuma ya bloku, siyo kila fundi anaiweza kazi hiyo. Pengine hiyo ndo kazi ya kwanza maishani mwake anayotaka watu waione. Iringa watu wanapenda rali, na yeye amekulia na wenzake humohumo. Inawezekana anachokililia siyo turbo bali gari ionekane na ijulikane nani kaifunga. Inawezekana pia nakosea na kweli anataka kuendesha rali kabisa. Mi siwezi kujua nikiwa huku, wewe unaweza, kwa kumuuliza tu.

Haya, tuje kwenye njia ulizotaja, na nitaongeza moja ambayo hukuitaja.

Njia ya kukubali turbo yake. Kwanza tumtendee haki, hoja yake ya hewa nyepesi siyo ya kubuni. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa Dar kwa karibu asilimia 18. Gari isiyo na turbo inapoteza nguvu kiasi hicho hivi, yenye turbo inaweza kurudisha ila kwa kujikaza. Ukitaka ndani ya injini uingie mgandamizo uleule ambao Dar geji ya busti (mgandamizo ambao turbo inaongeza) ingesoma baa 1, kule turbo inabana hewa mara 2, huku kwetu inabidi ibane karibu mara 2.4, izunguke kwa kasi zaidi na itoe hewa ya moto zaidi. Kwa hiyo turbo ndogo ukiibana sana huku inateseka kweli. Lakini turbo kubwa nayo inachelewa kuamka, na kwenye hewa nyepesi inachelewa zaidi, wewe wa kwenda Uyole na kurudi muda mwingi utakuwa unaendesha gari iliyolala.

Na kinachonitia hofu zaidi siyo turbo yenyewe, ni vitu vinavyopaswa kuja nayo. Nozeli kubwa ukizifunga bila kompyuta ya gari kutuniwa (kurekebishwa) upya, gari itamwaga petroli au itakosa petroli, na ikikosa wakati busti imepanda injini inapiga noki, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na noki kwenye injini hizi inakata kingo za ringi kwenye pistoni. Foji inavumilia zaidi, haijawa chuma cha miujiza. Gari hizi za soko la Japani zilitengenezwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ile inayouzwa kama okteni 100, yetu ya hapa iko chini ya hapo, kwa hiyo hata ikiwa na kila kitu chake cha kiwandani ni vizuri taiming ya cheche na busti viangaliwe. Swali ni nani atakayetuni. Kumpata hapa Mbeya mtu mwenye laptopu, kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, na uzoefu wa kweli, siyo jambo la siku moja, na gari ikituniwa Dar usawa wa bahari inabidi ipimwe tena huku juu. Muulize shemeji hilo kwa upole, ana mtu? Kama anaye, hoja yake inapata uzito. Kama hana, nadhani mwenyewe atalisikia swali.

Kuna giaboksi pia. Ile ya gia tano ya Impreza za miaka yenu inajulikana haipendi kuongezewa nguvu nyingi, kizazi kilichofuata ndo STI, ile Impreza kali zaidi, ikapewa ya gia sita yenye ubavu. Na brekis. Gari ya hospawa 280, maana ndo namba iliyotangazwa kiwandani kwa WRX nyingi za saluni za mwisho wa miaka ya 90, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, gari hiyo tayari inashuka Kitonga au milima ya njia ya Chunya kwa kasi ambayo brekis zilizochoka haziwezi kuizuia. Hapa sitabembeleza, njia yoyote mtakayochagua, disiki, pedi, hosi za brekis na matairi vije kabla ya busti hata ya nukta moja. Watoto wako watakuwa wamekaa nyuma.

Na kama ndoto yake ni rali kweli, mwambie aulize kanuni mapema kwa wanaosimamia, Chama cha Magari Tanzania, AAT. Enzi za Impreza hizi, kwenye daraja la Group N, la magari yaliyo karibu na ya kiwandani, hewa yote ya turbo ilipitishwa kwenye tundu dogo lililopangwa na kanuni, na turbo ilitakiwa ibaki ya kiwandani. Vijana wengi wanadhani rali ni turbo kubwa, kumbe mashindano mengi yanaibana hewa makusudi na ushindi unatafutwa kwenye saspensheni, uimara na dereva. Akilijua hilo, pengine lile boksi lake litapungua umuhimu lenyewe bila wewe kulipinga. Na rali inataka keji ya vyuma ndani, viti vya mashindano na mikanda yake, hiyo siyo gari ya kwenda Tukuyu Jumapili na mama. Gari moja haiwezi kuwa zote mbili, hili mnatakiwa mliseme mkiwa mmekaa.

Njia ya pili ni kuifunga na turbo ya kiwandani, ndani ikiwa imara kama ilivyo, busti ya kawaida, muitembeze ikatulie kwanza, kilometa kama elfu moja za upole, oili ibadilishwe mapema na filta ichanwe tena kama ulivyofanya mwanzo muone kama kuna unga. Mafundi wengi makini wangependa utaratibu huu hata kama mwisho wake ni turbo kubwa, kwa sababu injini mpya ikileta shida unajua imetoka kwenye ufungaji, huanzi kuilaumu turbo au tuni. Ukimwambia "tuanze hivi halafu tutaona" hatari yake ni moja, kama moyoni umeshaamua kwamba hutaona kamwe, usiseme. Atasubiri mwaka mzima halafu atajua ulikuwa unamtuliza, na hapo utampoteza vibaya kuliko sasa. Sema tu kinachowezekana kwako.

Njia ya kumlipa. Unaogopa ataona unamtukana, na naelewa, mtu aliyesema sisi ni ndugu ukimtolea bahasha mezani unakuwa umemfanya kibarua. Lakini ukumbuke maneno yake ya mwisho pale mezani, "nitoe vyuma vyangu". Mtu anayesema hivyo anahesabu, hata kama hajawahi kuitaja hesabu. Inawezekana kumlipa ndo kutamwondolea mzigo, pistoni za kuagiza nje siyo hela ya mchezo kwa fundi wa gereji. Shida ni nani aanze kuitamka bei. Hapo mimi ningemtafuta mshenga wenu, yule aliyepeleka posa yako Mafinga. Watu siku hizi wanamtumia siku ya posa tu halafu wanamsahau, wakati kazi yake ni hizi pia, kubeba neno zito kati ya nyumba mbili bila kumwaga. Anaweza kumuuliza shemeji, ukirudishiwa gharama zako utaona sawa au utaona umefukuzwa? Jibu akimpa yeye litakuwa la kweli kuliko atakalokupa wewe.

Kumrudishia vyuma vyake kama alivyosema nako kupo, ila ujue unarudi wapi. Krenki yako inashika ukucha, kuipolishi tu hakutoshi. Kuisaga kunahitaji beringi za saizi inayolingana na fundi mashine anayejua, na ngozi ngumu ya juu ya krenki inaweza kuondoka kwenye kusaga, ndo maana wengi wanatafuta nyingine. Kwa hiyo ni kuanza upya kabisa, na kufungua bloku ambayo mikono yake iliifunga kwa toki renchi wewe ukimshikia taa. Sijui kama mmoja wenu anaweza kulifanya hilo halafu mkakaa pamoja kwenye sikukuu Mafinga.

Sasa ile ambayo hukuitaja. Umeandika kuuza vyote, hukuandika kumuuzia yeye. Kama kweli ana njaa ya rali na wewe una njaa ya gari ya familia yenye turbo, kuna siku mnaweza kukuta kwamba hii Impreza ni yake, anakurudishia ulichoweka pole pole, na anakusaidia kutafuta nyingine iliyo nzima ambayo utaichezea bila kubishana na mtu. Najua limekuchoma kulisoma. Gari hii ndo uliichana filta yake, ndo uliyoilaza bandani kwako. Na yeye pia huenda hana hela hiyo, na deni kati ya mashemeji linaweza kuwa baya kuliko turbo. Naliweka tu mezani kwa sababu ukilipima na ukaona unakataa kwa nguvu zote, utakuwa umejua gari hii ina thamani gani kwako, na hilo utamwambia shemeji vizuri zaidi kuliko ulivyomwambia siku ile.

Nimeacha mke wako mwisho makusudi. Amesema mambo yenu ya vyuma malizeni wenyewe na wewe umepokea kama hayamhusu. Huyo aliyeondoka alfajiri bila kuaga ni mdogo wake wa tumbo moja, na aliyepiga simu kutoka Mafinga ni mama yake. Amekaa katikati. Akisema wewe uko sahihi amemtupa ndugu yake, akisema ndugu yake yuko sahihi amekuvunja nyumbani kwako, sasa atasema nini zaidi ya hicho? Usimuulize tena nani yuko sahihi. Muulize kitu kingine, kwamba mdogo wake alikuwaje toka utotoni akiumia, anataka afuatwe au anataka aachwe kwanza. Yeye analijua jibu, na swali hilo halimlazimishi kuchagua upande. Na mama mkwe mpigie wewe mwenyewe kabla hajapiga tena, salimia, mwambie unamheshimu kijana wake na mnalifanyia kazi, basi, habari za nozeli usimwingize.

Hilo neno lako "nitakuwa naendesha gari isiyo yangu" nimelirudia mara kadhaa. Nadhani yeye naye anaogopa kitu kinachofanana, kwamba ameifunga gari ambayo haitakuwa na alama yake yoyote. Mkikutana, na ningependa iwe kwa kwenda wewe Iringa badala ya kumngoja, chukua daftari. Andikeni kwanza nani ameleta nini, bila bei, kila kitu mpaka gasketi na basi alilopanda. Boksi la turbo lisifunguliwe siku hiyo. Mkimaliza kuandika muulize alikuwa anaiona gari hii inafanya nini mwaka kesho, umsikilize mpaka mwisho, halafu umwambie ya kwako kama ulivyoniandikia mimi, ile ya kupanda mlima wa Tukuyu. Sidhani kama ameshaisikia ikisemwa hivyo, alichosikia ni "sitaki rali".

Na ile nailoni itoe leo. Mvua hizi na baridi ya usiku, chini ya nailoni chuma kinatoka jasho na silinda zitashika kutu kabla hamjapatana. Pakaza oili safi kwenye kuta za silinda na nyuso za bloku, ziba matundu kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, funika kwa shuka nzito ya pamba, nailoni iwe juu kabisa kuzuia matone tu na pembeni ipite hewa. Piga picha umtumie shemeji, mwambie vyuma vyako nimevipaka oili viko salama, usiongeze neno jingine. Halafu niandikie alivyojibu, na mke wako alichokwambia kuhusu mdogo wake.